Kidole cha sita na fumbo la maradhi ya kurithi

MTOTO anapozaliwa na kidole cha sita mjini Kitengela au Kajiado, wazazi hawashtuki sana. Watoto wengi Waafrika huzaliwa hivyo, kidole hicho huondolewa na maisha yakaendelea bila tatizo. Hata hivyo, kwa watoto wachache mno, hiyo huwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wa kurithi uitwao Bardet-Biedl.

Chanzo chake ni hitilafu katika silia, yaani vijinywele vidogo mno vinavyochomoza kwenye seli za mwili. Silia hazijitengenezei protini. Sharti ziletewe, na zisizohitajika ziondolewe. Uchukuzi huo hufanywa na makundi ya protini. Mojawapo ni BBSomu, lililoelezwa na wanasayansi mwaka wa 2007, ambalo lina protini nane. Jeni ya protini moja tu ikiharibika, kundi zima huweza kulemaa. Kwa kuwa silia zimo machoni, kwenye figo na ubongoni, mtoto huanza kushindwa kuona gizani, hunenepa kupita kiasi na figo zake huweza kudhoofika.

Sehemu ya maarifa haya imetokana na adui wa zamani wa mfugaji. Huko Nguruman, Kaunti ya Kajiado, kituo cha utafiti cha ICIPE kilishirikiana na wafugaji Wamaasai katika miaka ya 1980 kumtega mbung'o kwa vitambaa na mkojo wa ng'ombe. Kimojawapo cha vimelea anavyoeneza mdudu huyo, Trypanosoma brucei, huogelea kwa mkia ambao umbo lake la msingi hufanana na la silia, ndiposa watafiti hukitumia maabarani. Ramani ya jeni zake iliyochapishwa mwaka wa 2005 ilitokana na kimelea kilichopatikana kwa mbung'o wa Kenya mwaka wa 1970.

Maarifa hayo hayatamfaa mzazi iwapo macho yatatibiwa kivyake, unene kivyake na figo kivyake. Ugonjwa wenyewe hauna tiba kamili, lakini kupima mkojo na shinikizo la damu mapema huweza kuokoa figo. Wala mama hapaswi kulaumiwa: kwa kawaida wazazi wote wawili hubeba jeni hiyo wakiwa wazima, na kila mimba huwa na uwezekano wa mmoja kwa wanne.

Kidole cha sita peke yake si hoja. Kikiandamana na macho yasiyoona gizani, ni wajibu wa kliniki kuuliza zaidi.