Hatujachoka na Mashujaa, Tumechoka na Kazi ya Ziada

Kila nikisema Marvel imeshuka, lazima kuna msee atakuja kuniambia ati watu wamechoka tu na muvi za mashujaa, enzi yao imeisha. Mimi nakataa. Nimefuata hizi muvi tangu nikiwa mdogo na nasema wazi: hatujachoka na mashujaa. Tumechoka kupewa kazi ya ziada kila tukilipa tiketi.

Tuanze na hesabu. Avengers: Endgame ya 2019 iliingiza karibu dola bilioni 2.8 duniani kote. Miaka minne baadaye, The Marvels ikaingiza kama milioni 206, kidogo kuliko muvi zote za Marvel Studios zilizoitangulia. Lakini 2024 Deadpool & Wolverine ikapita bilioni 1.3. Sasa hao waliochoka walitoka wapi, na wakarudi vipi?

Angalia hiyo The Marvels. Ndio umwelewe Monica Rambeau, ilibidi uwe umeona WandaVision. Ndio umjue Kamala Khan, uwe umemaliza Ms. Marvel. Ndio ushike hasira ya Wakree, urudi Captain Marvel ya 2019. Iman Vellani alicheza Kamala vizuri sana, huyo dada anapenda mashujaa kama sisi tu, na hiyo inaonekana. Lakini mtu aliyeingia kutoka kazini Ijumaa jioni akitaka tu kuburudika alijikuta kama mwanafunzi aliyekosa muhula mzima. Deadpool naye alikuwa na utani mwingi wa kujuana, sikatai, lakini shida yake ungeielewa hata ukiwa mgeni: anataka kuokoa marafiki zake.

Captain America: Brave New World ya 2025 ikarudia kosa lilelile. Ikachukua mabaki ya The Incredible Hulk ya 2008, ikachanganya na Eternals, ikaongeza mambo ya The Falcon and the Winter Soldier. Halafu ile siri kubwa, Harrison Ford kugeuka Hulk mwekundu, walishaimwaga kwa trela. Na kuna kitu kimoja kilinichekesha: lile jitu la mawe lililokwama baharini liko Bahari ya Hindi, yaani hii bahari yetu. Wanaokaribia kupigana vita juu yake ni Marekani na Japani. Kwani Mombasa hakuna mtu wa kuulizwa?

Sasa nitetee zile nzuri, maana zipo.

Thunderbolts* ndiyo muvi bora ya Marvel ya 2025, na mkitaka tubishane tubishane. Yelena wa Florence Pugh anaanza akiwa amechoka na maisha, anafanya kazi bila kujua anafanya kwa nini. Bob ana nguvu kuliko Avengers wote, lakini ndani yake kuna giza linalomwambia hana maana. Na mwisho hawamshindi kwa ngumi. Wanamkumbatia hadi anaacha kujipiga. Kwa sisi tulioambiwa kwamba mwanaume halii, kuona hiyo kwa skrini kubwa si jambo dogo. Lakini ikaingiza pesa kidogo kuliko Brave New World! Wale waliolia miaka mitatu ati hakuna stori siku hizi, walikuwa wapi?

Ya pili ni The Penguin, vipindi nane vya 2024. Kama hujaiona, ruka aya hii. Victor ni kijana aliyepoteza familia yake mafuriko yalipozamisha mtaa wao, na wakubwa wa Gotham wakaendelea na maisha yao kama kawaida. Mtu wa Mathare aliyeona mafuriko ya Aprili 2024 hahitaji kuelezwa hiyo hadithi. Victor anampata Oz, anamfanya familia, na Oz anamuua kwa sababu hiyohiyo. Hakuna anayeruka angani, hakuna dunia sambamba ya kumrudisha. Amekufa, amekufa. Nilikaa kimya muda mrefu.

Na hapo ndipo shida kubwa ya Marvel ilipo: kifo hakina uzito tena. Chadwick Boseman alipofariki 2020, hawakumtafutia mtu wa kuvaa nafasi ya T'Challa. Wakanda Forever ikaomboleza kweli, na Lupita wetu akiwa Nakia akaonyesha mtu anayebeba msiba kimya kimya. Ile muvi ni ndefu na ina kasoro zake, lakini iliheshimu kifo.

Sasa Robert Downey Jr. anarudi kwa Avengers: Doomsday, iliyopangiwa Desemba 2026, akiwa Doctor Doom. Najua ni mhusika mwingine. Najua pia kwa nini wamemchagua yeye: sura yake inauza tiketi. Tony Stark alikufa Endgame na tukalia kwa sababu tuliamini ni mwisho. Doom ni mmoja wa maadui wazito zaidi kwenye vitabu vya Marvel, mfalme wa Latveria mwenye kiburi na akili ya ajabu. Hahitaji kukopa machozi ya Tony. Wakimpa hadithi yake mwenyewe, nitakuwa wa kwanza kwa foleni. Wakitumia ile sura kutukumbusha zamani tu, basi watakuwa wamekichezea kifo pekee kilichotuuma wote.

Kwa hivyo ombi langu kwenu ni moja. Muvi ndogo yenye hadithi ikitoka, usingoje mtu wa muvi akuwekee kwa flashi, kama una doo ya tiketi, nenda. Hao wasee wa studio hawasomi malalamiko yetu. Wanasoma hesabu.

Haya, niambieni: ni kifo gani cha Marvel ambacho hamtaki kiguswe kabisa?