Afande ni Heshima, Si Hofu

Ni maneno machache yanayotamkwa kambini na katika vituo vya polisi kama neno "afande". Kwa kuwa wasomaji wetu huitwa au huita hivyo kila siku, twaona inafaa walijue vema.

Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mwenye mamlaka. Waturuki walilifanya "efendi", wakawaita hivyo watu wenye elimu. Huko Misri likawa jina la karani wa serikali avaaye suti na tarbushi. Uturuki yenyewe ilikifuta cheo hicho kwa sheria ya mwaka 1934, ingawa watu wake hadi leo huitika "efendim" wanapoitwa.

Kwetu Afrika Mashariki neno hili liliingia na askari wa Kisudani waliopata kulitumikia jeshi la Misri. Wissmann aliwaandikisha mjini Cairo mwaka 1889 kwa vita vya Wajerumani pwani ya Tanganyika. Lugard naye aliwaleta wengine Uganda mwaka 1891. Katika jeshi la KAR la Waingereza, Effendi hatimaye kikawa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukipata. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Mambo aliyoyatenda alipotawala, tangu 1971 hadi 1979, yalidhihirisha kwamba kuitwa kwa jina la heshima si sawa na kuwa na heshima.

Siku hizi neno limeenea kupita mipaka ya kambi. Askari humwita hivyo mkubwa wake kwa utii. Dereva wa bodaboda aliyesimamishwa barabarani humwita hivyo konstebo, akiomba asamehewe. Mlinzi wa lango la duka naye ni afande. Tena wapo raia wanaolitamka kwa dhihaka mara askari anapogeuza kisogo. Neno ni lile lile, lakini sauti ndiyo inayoeleza maana.

Jambo linalotusikitisha ni kwamba wapo askari wanaoisikia sauti ya hofu wakaidhania kuwa ni heshima. Hilo ni kosa lenye hasara kubwa. Raia anayemwogopa askari humwitikia upesi, lakini hamwambii kitu. Huona silaha ikifichwa kwa jirani akanyamaza. Huibiwa usiku asiende kituoni. Askari wa namna hiyo huitwa afande mara mia kwa siku, na bado hajui linalotendeka katika mtaa anaoulinda.

Kwa hiyo twawasihi makamanda wawafunze vijana wao kumsikiliza raia anavyowaita, na kujiuliza ni kwa nini anawaita hivyo. Atakayewatendea watu haki, bila kuwatukana wala kudai chochote, ataitwa afande hata siku atakapokuwa amestaafu na hana sare mwilini.