Nani Kasema Rubisi Haiingii Chuo Kikuu?

Msimu wa maombi ya uzamili ukifika, vijana wa Karagwe na Kyerwa waliomaliza uhandisi wa kemikali huniletea maandiko yao niyapitie. Nayajua kabla sijayafungua. Huyu atasafisha mafuta ghafi, yule atachakata gesi ya Mtwara. Kijana wa Kaisho aliyekua akianika kahawa anajaza kurasa tatu kuhusu mtambo asioujua hata mlio wake. Ukimuuliza sababu: "Mzee, mambo ya kijijini hayana hadhi ya chuo."

Huo ni upuuzi, na unatugharimu.

Tazama rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakatiwa mtumbwini pamoja na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha yakaachwa yachache. Kwa nini ya nyumba hii inageuka siki kesho kutwa, na ya jirani bado inanyweka? Jibu lake linataka vipimo, hesabu na miaka miwili ya maabara. Hata lile pipa la gongo na bomba lake linalopita kwenye maji (polisi wanisamehe) ni somo la ukenekaji ambalo kijana wetu alilikariri darasani bila kukumbuka kwamba alishaliona nyuma ya migomba.

Na kahawa je? Robusta yetu hukaushwa na maganda yake, kwa mwenye uwezo juu ya turubai, kwa mwingine kwenye udongo mtupu. Unyevu ukibaki juu sana ya asilimia 12, ukungu unakaribia. Ukaushaji ni tawi zima la uhandisi huu. Kiwanda cha TANICA pale Bukoba kinaishi kwa kazi hiyo hiyo: kuchuja kahawa, kuikoleza, kuikausha iwe unga.

Mtasema kamati ya udahili haijui rubisi wala Kaisho. Basi sikilizeni. Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya Karagwe: majiko yetu, biogesi, vyoo vinavyotenga mkojo, mkaa unaorudishwa shambani kurutubisha udongo. Alifanya kazi na MAVUNO, shirika la wakulima la hapa hapa. Berlin hawakumwambia kwamba choo cha Karagwe hakina hadhi. Simwonei kijicho, kazi yake inatufaa. Kinachoniuma ni kwamba sisi tuliyapita majiko hayo kila asubuhi tukikimbilia basi.

Tena si jambo jipya mambo yetu kuingia kwenye sayansi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba wafua chuma wa magharibi mwa Ziwa Victoria walikuwa wakipata feleji zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kwa kupasha hewa moto kabla haijafika ndani ya tanuru. Mkoa huo huo, udongo huo huo.

Wastani wa 2.7 unaotakiwa kuingia uzamili hapa nchini wanao wengi. Kinachowatofautisha waombaji ni swali, na swali zuri huulizwa na aliyeumizwa nalo.

Yule wa Kaisho nilimrudishia kurasa zake tatu. Nilimwambia akamwamkie mama yake kwanza, kisha amuulize kahawa ya mwaka jana iliota ukungu siku ya ngapi.