Soja wa geti anaijua laptopu yako, chuo hakijui hadubini zake

Ukifika getini asubuhi na laptopu mgongoni, soja anakusimamisha. Anaigeuza, anasoma namba ya kiwandani iliyo chini yake na kuiandika kwenye daftari, pamoja na jina lako. Jioni ukitoka anafungua ukurasa uleule kulinganisha. Namba zisipooana, hutoki. Tunanung'unika kwa sababu foleni ni ndefu na kipindi kimeanza, lakini tuseme ukweli: huo ni mfumo unaofanya kazi.

Sasa mpite soja, uingie maabara. Uliza chuo kina hadubini ngapi. Katika vyuo vyetu vingi vidogo, fundi wa maabara atakupa idadi moja, mkuu wa idara nyingine, na ofisi ya fedha nyingine kabisa. Projekta ya ukumbi nayo iko wapi? Ati iliazimwa na idara jirani muhula uliopita. Nani aliichukua? Kimya.

Usikimbilie kusema vitu vimeibwa. Vingine vimeibwa, ndiyo, lakini vingi hupotea kwa njia za kawaida tu. Mhadhiri anahamia chuo kingine na tarakilishi ya ofisi inabaki nyumbani kwake. Tawi la mjini linafungwa, vitu vinarundikwa kwenye lori, na huku kampasi kuu hakuna anayehesabu vinaposhushwa. Halafu kuna vifaa vya msaada. Hivi ndivyo rahisi zaidi kupotea, kwa sababu havikununuliwa: hakuna oda, hakuna ankara, na ofisi ya ununuzi haikuvipitisha mikononi mwake. Mfadhili anapigwa picha akikabidhi mashine, watu wanapiga makofi, mashine inaingia chumbani bila namba. Miaka miwili baadaye ikihama chumba hicho, utamuuliza nani?

Ndiyo maana ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali kuhusu vyuo vya umma zimekuwa zikirudia lalama hiyohiyo: sajili ya mali haijakamilika, au haipo. Na si kwamba sheria imenyamaza. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inamtaka mkuu wa taasisi ya umma atunze kumbukumbu za mali yake. Hata kifaa kibovu hakitupwi au kuuzwa kienyeji. Lazima kipitie kamati, na kukiuzia mfanyakazi kumewekewa masharti. Ile tarakilishi kuukuu iliyotoweka stoo ilipaswa kuacha karatasi nyuma yake.

Komredi, hii si habari ya wahasibu pekee. Mnapozunguka hadubini moja watu wanane kwenye somo la vitendo, na nyingine tatu zimefungiwa kabati la idara isiyozitumia, anayeumia ni wewe. Idara inaomba nyingine zinunuliwe, pesa ambazo zingetengeneza zilizoharibika zinaenda huko, na karo haipungui hata ndururu.

Kinachokera zaidi ni fomu ya klirensi. Unamaliza masomo, unazunguka na karatasi yako kutoka maktaba hadi maabara, hadi bweni, hadi idara ya michezo ambako hukuwahi kukanyaga. Kitabu kimoja kisiporudi, au kopo moja la kioo likivunjika, gauni la mahafali utaliona kwa wenzako. Sawa, ulipe ulichopoteza. Wafanyakazi nao wana fomu yao wanapoondoka, lakini fomu hiyo haiwezi kumdai mtu kifaa ambacho hakikuandikwa popote. Mzigo wote wa uaminifu unamwangukia yule ambaye jina lake liko kwenye daftari, yaani wewe.

Tutaambiwa chuo ni kidogo, hakina pesa za mitambo. Hiyo si sababu. Chuo kidogo ndicho rahisi kuhesabu. Kinachohitajika ni kibandiko chenye namba kwenye kila kifaa, na mstari mmoja wa maelezo: ni nini, namba ya kiwandani, kilinunuliwa lini na kwa bei gani au nani alikitoa, kiko chumba gani, kina hali gani, na jina la mtu anayekiwajibikia. Jina la mtu, si la idara, maana idara haijibu simu. Jedwali la kawaida la tarakilishi linatosha kuanzia. Wakitaka kitu cha hali ya juu, kuna programu huria kama Snipe-IT, unaipakua bila kulipa leseni. Wanafunzi wa teknolojia wamejaa chuoni wakitafuta miradi ya mwaka wa nne. Wapeni hii.

Ila sajili isiyohakikiwa ni karatasi tu. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, kwa hivyo kabla ya tarehe hiyo watu wapite chumba kwa chumba na orodha mkononi. Tunataka mwakilishi wa wanafunzi awe kwenye msafara huo. Viongozi wetu wanajua sana kuomba kura kwa ahadi za basi jipya. Waulizwe basi la zamani liko karakana gani.

Uongozi ukikataa kuonyesha orodha, kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Raia yeyote anaweza kuiandikia taasisi ya umma akiomba habari, si lazima aeleze sababu, na jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 21. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada. Utakachoweza kulipishwa ni gharama ya nakala. Andika kwamba unaomba sajili ya vifaa vya maabara unayosomea, na tarehe vilipohesabiwa mara ya mwisho. Weka sahihi, tunza nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kisha anza kuhesabu siku.