Msimpe baba uso wa mtu mwingine

Picha pekee ya baba tuliyobaki nayo baada ya vita vya 1996 ni ya kitambulisho chake cha enzi za Zaire: ndogo, imefifia, muhuri umepita juu ya shavu la kushoto. Familia nyingi za Kadutu na Ibanda, mjini Bukavu, zina picha ya namna hiyo. Bukavu ilipoanguka Oktoba mwaka ule, watu walikimbia na watoto mgongoni, albamu zikabaki nyumbani.

Siku hizi studio zinazikuza picha hizo kwa programu ya simu. Muhuri unafutika, ngozi inalainishwa, na kwa dakika moja unaletewa mzee mzuri ambaye hujawahi kumwona. Kwenye picha ya baba, kovu lililokuwa juu ya jicho halikuwepo tena. Mama aliitazama sana, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

Nasema kazi hiyo haifai, hata ikifanywa kwa nia njema. Programu haimjui marehemu. Pale unyevu ulipoila picha, inabuni tu. Badala yake, picha ipitishwe kwenye skana. Ya sentimita 3.5 kwa 4.5, ikisomwa kwa nukta 1,200 kwa inchi, inatoa karatasi safi ya sentimita 14 kwa 18, na hiyo inatosha ukutani. Nakala ya kwanza ihifadhiwe bila kuguswa. Kisha fundi aondoe muhuri kidogo kidogo, mjane akiwa ameketi kando yake, amwambie: hapo acha, hilo ni kovu lake.

Bei itapanda, nami niko tayari kuilipa. Sehemu ambayo hakuna anayeikumbuka, iachwe na doa lake.