Tope na kutu ndani ya tangi la maji: usafi unaosahaulika nyumbani

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina ndoo inayosuguliwa kila asubuhi, sufuria zinazong'aa na jagi la maji lenye mfuniko. Juu ya mnara wa tofali nje ya nyumba hiyo hiyo kuna tangi la lita 1,000 au 2,000 ambalo halijafunguliwa tangu fundi alipolipandisha. Maji ya kwenye jagi yanatoka humo.

Akiulizwa, baba wa nyumba atajibu kuwa maji ya bomba yanatibiwa na mamlaka. Ni kweli yanatibiwa, lakini tatizo huanza baada ya hapo. Mgawo unapokuja, kama ule wa mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha mto Ruvu kiliposhuka, mabomba hukaa matupu kwa saa au siku kadhaa. Bomba lisilo na msukumo wa maji huvuta uchafu wa nje kupitia nyufa na maungio yaliyolegea. Siku maji yanaporudi, yanakuja kwa nguvu na kung'oa kila kilichokuwa kimeganda ndani ya bomba. Familia iliyosubiri maji siku tatu hufungulia koki ya tangi papo hapo, na yale ya kwanza, ambayo ndiyo machafu kuliko yote, yanaingia kuhifadhiwa. Kuyaachia yamwagike kwenye ndoo ya kudekia hadi yawe meupe kunachukua dakika chache tu. Mwenye kununua maji ya boza naye ana mzigo wake, kwa sababu hajui tangi la gari lilioshwa lini.

Chembe hizo hushuka taratibu na kulala chini. Baada ya miezi kadhaa zinakuwa tope laini lenye utelezi, na utelezi huo ni makazi ya bakteria. Ubaya wake mkubwa ni kwamba tope hula klorini. Dawa iliyowekwa mtamboni ili ilinde maji mpaka yamfikie mlaji inaishia kupambana na uchafu wa tangini, na maji yanayofika jikoni yanakuwa hayana kinga iliyobaki. Hapo kinyesi cha ndege au mjusi aliyetumbukia kinatosha kuanzisha kuhara kwa watoto, na mama atalaumu chakula cha shule.

Kuna tabia moja ya wakati wa mgawo ambayo inafaa kuachwa kabisa, nayo ni kuinamisha tangi ili kukomba maji ya mwisho. Koki ya kutolea maji huwekwa juu kidogo ya sakafu ya tangi kwa makusudi, ili tope libaki chini. Kulikinga hilo la mwisho kwa ajili ya kunywa ni kujitwisha uchafu wa mwaka mzima katika ndoo moja. Likamwagwe chooni.

Kutu ni habari nyingine kidogo. Mama akilalamika, "Fundi, maji yanatoka mekundu," atajibiwa, "Hiyo kutu tu mama, haina neno." Fundi hajakosea sana. Madini ya chuma kwa kiasi kinachoonekana kwenye maji ya bomba hayamdhuru mtu mwenye afya ya kawaida, na ile imani kwamba kutu yenyewe huleta pepopunda si sahihi, kwani vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na huingia mwilini kupitia jeraha. Ila kutu hukwaruza bomba kwa ndani, na katika mikwaruzo hiyo bakteria hujificha wasifikiwe na dawa. Maji yenye chuma hugeuza chai kuwa nyeusi na hutia shati la shule madoa ya kahawia. Madoa hayo yakiwekewa dawa ya klorini ndiyo yanakolea zaidi. Ndimu na jua hufanya kazi vizuri kuliko dawa hiyo.

Nyumba zenye mabomba ya zamani ya chuma ndizo huathirika mapema, hasa zile za ukanda wa pwani zinazotumia visima vyenye maji ya chumvi, kwa kuwa chumvi huharakisha kutu. Kuna pia visima vinavyotoa maji meupe kabisa, kisha yakikaa ndooni yanageuka kahawia. Hicho ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka, kimekutana na hewa.

Ndugu walioko Ulaya hujua shida hii kwa sura nyingine. Nyumba za huko hupashwa joto kwa maji yale yale yanayozunguka mabombani miaka nenda rudi, na mafundi huongeza kemikali ya kuzuia kutu. Mtu akiletewa chupa ya dawa hiyo kama zawadi, asiithubutu kwenye tangi la nyumbani. Maji yale hayanywewi na mtu.

Tangi la plastiki la juu linafaa kuoshwa angalau mara mbili kwa mwaka, na linapatana vizuri na mwisho wa masika na wa vuli. Maji yanaachwa yapungue, tope linatolewa, kuta zinasuguliwa kwa brashi ngumu na maji safi bila sabuni ya unga. Kusugua kuta si urembo. Mbu wa dengue, ugonjwa uliolisumbua jiji mwaka 2014 na 2019, hutaga mayai ukutani juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakuyaondoi.

Baada ya kusuuza, tangi hujazwa na kutiwa klorini. Kwa dawa ya maji ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, kipimo ni takribani lita moja na nusu kwa kila lita 1,000. Koki za ndani zifunguliwe mpaka harufu isikike, kisha zifungwe, na maji yakae saa 24. Hayo hayanywewi, yanamwagwa yote, tangi linasuuzwa na kujazwa upya. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na tindikali ya kuoshea choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu.

Matangi ya chini ya ardhi ndiyo ya kuogopa. Kila anayemtuma kijana "ashuke mara moja tu" ajue kwamba hewa ya humo huenda haitoshi. Tangi la chuma lililofungwa muda mrefu ni hatari zaidi, maana kutu inapotengenezwa hutumia oksijeni iliyomo, na mtu huanguka bila kusikia harufu yoyote. Wengine hushusha jenereta au pampu ya petroli humo ndani ili kukausha maji haraka. Moshi wake una kaboni monoksaidi, inayoua kwa dakika chache, na mara nyingi anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka juu yake. Injini ibaki nje, mbali na mdomo wa tangi. Mfuniko uachwe wazi kwa saa nyingi kabla ya mtu kuingia, anayeshuka afungwe kamba, na juu wakae watu wawili wenye nguvu ya kumvuta. Kama hawapo, kazi iahirishwe.

Katika nyumba za kupanga swali huwa ni nani alipe. Mwenye nyumba husema maji wanatumia wapangaji, wapangaji husema tangi ni la mwenye nyumba, na miaka inapita. Wapangaji wanne wakichanga, gharama ya fundi na dawa inagawanyika, na tarehe ya kuosha inaweza kuandikwa kwa rangi ubavuni mwa tangi, ambako kila mtu wa uani ataiona.