HAKI HATA NDANI YA KICHUPA CHA MAABARA



Wazazi wengi wa Kanda ya Ziwa wanaujua uchungu wa kumlea mtoto mwenye selimundu. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia watoto kama hao uboho wa ndugu zao. Kinachoponya humo ni seli shina, yaani seli zizaazo damu mpya. Twamshukuru Mungu. Lakini tiba ya namna hii hutanguliwa na miaka ya utafiti juu ya seli za watu zilizohifadhiwa maabarani. Je, zahifadhiwa kwa haki?

Seli hizo hugandishwa polepole, kisha huwekwa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ipatayo nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko zaweza kudumu miaka mingi. Lakini hapana budi zipimwe: Zingali hai? Zimeingiwa na vijidudu? Kromosomu zake ni nzima? Vinasaba vyake vyalingana na jina lililoandikwa kwenye kichupa?

Swali hilo la mwisho si dogo. Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, seli za Henrietta Lacks, mama mweusi aliyeugua saratani, zilichukuliwa bila ridhaa yake. Zikaongezeka mno, zikavamia vyombo vya seli nyingine. Mwaka 1966 mtaalamu Stanley Gartler alionyesha kwamba seli nyingi zilizodhaniwa kuwa za watu mbalimbali zilikuwa za mama huyo. Hivyo mgonjwa hakuulizwa, na watafiti nao wakadanganyika. Ni mwaka 2023 tu warithi wake walipopatana na kampuni moja iliyofaidika na seli hizo.

Kanisa halipingi utafiti. Hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 yakubali seli shina zitolewazo kwa mtu mzima mwenye ridhaa, au katika damu ya kitovu mtoto azaliwapo. Yakataa zile zipatikanazo kwa kuangamiza kiinitete. Basi kichupa kisichotaja asili yake kwa kweli chamnyima mtafiti ukweli, na chamnyima mwamini nafasi ya kuamua kwa dhamiri njema.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wafundisheni watu wetu. Mtu akiombwa damu au kondo la nyuma kwa ajili ya utafiti, na aulize: Vitatumika kwa nini? Vitatunzwa wapi, na kwa muda gani? Nani atafaidika? Naweza kukataa nikaendelea kutibiwa? Kuuliza si ujinga. Maskini naye ni mwenye mwili wake.